Abiria wa Nyuma Hakuulizwa

Nchini Marekani yako mabishano ambayo yamewagawa waendesha pikipiki wa safari ndefu kwa miaka mingi, na ambayo, kwa ajili ya simu za mkononi, yamekwisha vuka bahari na kufika katika vijiwe vya pikipiki vya mkoa wetu. Mabishano yenyewe ni juu ya jambo linaloonekana dogo: je, yafaa kulivua tairi la nyuma la pikipiki kubwa na mahali pake kufunga tairi la gari dogo? Wako wanaofanya hivyo. Wao hujiita kwa mzaha watu wa "upande wa giza", jina waliloliazima katika sinema ya Star Wars ya mwaka 1977, na mzaha huo wenyewe ni ushahidi kwamba wanajua fika kuwa wameiacha njia iliyowekwa na watengenezaji.

Vijana kadhaa wametuonyesha picha hizo na kututaka gazeti hili litoe kauli. Mmoja alitushikia simu mbele ya uso, na ndani yake tukamwona mzee mwenye ndevu nyeupe akikata kona ya mlimani, pikipiki yake imelala, na tairi la gari limesimama juu ya ukingo wake mmoja kama mtu anayetembea kwa upande wa kiatu. Nyuma ya mzee yule alikuwa amekaa mwanamke, mikono yake imemzunguka kiunoni. Kijana alitaka tumtazame mzee. Sisi tulijikuta tukimtazama yule mwanamke, na ni kwa ajili yake hasa tunaandika.

Yatupasa kwanza tuwatendee haki wanaofanya jambo hili, maana si wendawazimu wala si vijana wa kushindana mbio. Pikipiki wanayoipenda zaidi kwa kazi hiyo ni Honda Gold Wing, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 mjini Cologne, Ujerumani, na ambayo kwa miaka mingi ilitengenezwa huko huko Marekani katika jimbo la Ohio. Ni chombo kizito mno. Ile ya injini ya sentimita za ujazo 1,800, iliyotolewa kuanzia mwaka 2001, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 400 ikiwa na mafuta, kabla ya mtu yeyote kuipanda na kabla ya sanduku lolote kufungwa. Pikipiki kama hiyo haikuundwa kwa ajili ya kupeleka mtu sokoni na kurudi. Imeundwa ili mume na mke waianze safari alfajiri na kulala usiku wa siku hiyo katika jimbo la tatu.

Sasa, chombo cha namna hiyo hula matairi. Tairi la nyuma ndilo linalosukuma mzigo wote, na kwa pikipiki nzito huweza kwisha kabla ya kufikisha kilomita 20,000. Mtu anayesafiri sana atalibadilisha kila mwaka, pengine mara mbili kwa mwaka. Upande wa pili wa ukuta wa duka hilo hilo yamepangwa matairi ya magari madogo, ambayo hupatikana kwa bei ya chini na yametengenezwa kutembea mara mbili au mara tatu ya umbali huo. Hatuoni ajabu kwamba mtu mwenye akili timamu alisimama katikati ya safu hizo mbili akaanza kupiga hesabu.

Na hesabu ilimpa jibu la kumshawishi. Gold Wing tuliyoitaja ilitoka kiwandani na tairi la nyuma la kipimo cha 180/60 kwa rimu ya inchi 16. Tairi la gari la kipimo cha 195/55 kwa rimu ya inchi 16 lina kipenyo kinachopungua kuliko hilo kwa milimita moja na nusu tu. Ni bahati tupu ya vipimo. Hakuna mhandisi aliyekusudia hivyo. Lakini kwa mwenye pikipiki ilikuwa kama mtu kuokota ufunguo njiani na kukuta unafungua mlango wa nyumba yake. Isitoshe, tairi la pikipiki la kipimo hicho kwa kawaida huwa na alama ya uzito 74, yaani huruhusiwa kubeba kilo 375, ilhali lile la gari lina alama 87, yaani kilo 545. Ukikumbuka kwamba zaidi ya nusu ya uzito wote wa pikipiki iliyopakia huangukia gurudumu la nyuma, utaona kwa nini watu hawa husema kwamba wao ndio wanaochukua tahadhari.

Hoja yao ya tatu ni nzito kuliko hizo mbili, nayo ni hoja ya pancha. Baadhi ya matairi ya magari yametengenezwa na mbavu ngumu ili gari liweze kuendelea kama kilomita 80 kwa mwendo wa polepole hata upepo ukiisha wote. Kwa mwendeshaji wa pikipiki, ambaye tairi la nyuma likilegea ghafla katika mwendo mkubwa hana magurudumu mengine matatu ya kumshikilia, jambo hilo si dogo. Mwaka 1981 Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa ripoti juu ya ajali za pikipiki, baada ya yeye na wenzake kuchunguza ajali 900 katika eneo la Los Angeles na kusoma taarifa za polisi za ajali nyingine 3,600. Walikuta kwamba ajali zilizotokana na ubovu wa chombo ni chini ya asilimia 3, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za pancha. Watu wa upande wa giza huishika hoja ya pancha kwa mikono miwili.

Lakini yafaa ripoti hiyo isomwe yote. Katika ajali ambamo pikipiki ilianguka peke yake bila kugongana na chombo kingine, watafiti wale walikuta kwamba kwa kiasi cha theluthi mbili kosa lilikuwa la mwendeshaji, na makosa yenyewe yalikuwa hasa ya namna mbili: kukaza breki kupita kiasi hata gurudumu likateleza, na kushindwa kuikata kona, pikipiki ikatoka nje ya njia yake kwa sababu ya mwendo mkubwa au kwa sababu mwendeshaji hakuilaza vya kutosha. Tunawaomba wasomaji waliweke akilini neno hilo la kuilaza, kwa kuwa hapo ndipo tairi la gari na pikipiki vinapogombana.

Gari hupinda kona likiwa limesimama wima. Dereva hugeuza usukani, magurudumu ya mbele hutazama kule anakotaka kwenda, na tairi hubaki limelala chini kwa upana wake wote. Kwa sababu hiyo tairi la gari hutengenezwa bapa, kama mkanda uliozungushwa. Pikipiki haipindi hivyo hata kidogo. Ili ipinde lazima ilale, na kadiri mwendo unavyozidi au kona inavyokaza ndivyo inavyolazimika kulala zaidi. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 50 ikikatwa kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki yalazimika kuinama karibu digrii 30. Basi tairi la pikipiki hutengenezwa la mviringo kutoka bega moja hadi la pili, ili popote pikipiki itakapolala, pawe na sehemu ya tairi inayokanyaga barabara sawasawa na ile iliyokuwa ikikanyaga iliposimama. Kuinama kwa mviringo huo ndiko kunakozaa ile nguvu inayoivuta pikipiki kuelekea ndani ya kona.

Weka sasa tairi bapa mahali hapo. Mwendeshaji anapoanza kulaza pikipiki, tairi halitaki. Lapenda kubaki limekaa kwa upana wake, kama meza isiyopenda kuinuliwa upande. Sehemu inayokanyaga huhama kutoka katikati na kukimbilia ukingoni, na kutoka huko hulisukuma gurudumu lirudi wima. Mwendeshaji analazimika kuusukuma usukani na kuendelea kuusukuma muda wote wa kona, jambo ambalo watumiaji wenyewe hulikiri, wakisema kwamba mtu huzoea. Hukiri pia kwamba barabara ikiwa imebonyea kwa njia za magurudumu ya malori, au ikiwa imeinama upande, tairi hilo hutaka kuifuata barabara badala ya kumfuata mwendeshaji. Nasi hatuna shaka kwamba mtu huzoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachobana. Swali letu ni nini kitatokea siku moja, saa moja ya magharibi, kona itakapokaza ghafla kuliko alivyotazamia, na mkono wake ukahitaji kusukuma mara mbili ya mazoea.

Wapo wanaojibu kwamba tairi pana huweka mpira mwingi zaidi barabarani. Hapa pia pana kosa. Eneo linalogusa barabara hutegemea zaidi uzito unaokandamiza na upepo uliomo ndani kuliko upana wa tairi. Gurudumu lililobeba kilo 300 na kujazwa upepo wa kipimo cha 41, ambacho Honda walikiandika kwa tairi la nyuma la pikipiki ile, hukanyaga kiasi cha sentimita za mraba 100, yaani kama ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, liwe ni tairi la gari au la pikipiki. Kinachobadilika ni umbo la kiganja hicho: kwa tairi la pikipiki ni chembamba na kirefu, kwa tairi la gari ni kipana na kifupi. Katika barabara iliyonyoka kile kipana kinaweza kusaidia wakati wa kufunga breki, na hilo hatulikatai. Ndani ya kona, kile kipana hubaki na ukingo wake tu.

Liko pia jambo la rimu, ambalo halionekani kwa macho. Tairi hushikwa na rimu kwa ukingo wake wa ndani, wenye nyaya za chuma, na ukingo huo lazima ukae mahali pake barabara pasipo kuyumba. Rimu ya pikipiki na rimu ya gari, hata zikiwa na inchi zile zile, hazikuchongwa kwa ajili ya tairi moja. Vitabu vya maelekezo vya Honda vimewaonya wenye pikipiki wasijaribu kufunga tairi la gari, kwa kuwa ukingo huenda usikae, tairi likachomoka na upepo ukatoka. Kampuni za matairi nazo zimetoa onyo kama hilo. Mafundi wengi huko Marekani hukataa kabisa kuifanya kazi hiyo, na kwa sababu hiyo wanaoitaka huifanya wenyewe katika nyua za nyumba zao.

Hatusemi kwamba tairi la gari haliwezi kamwe kukaa katika chombo chenye usukani wa pikipiki. Pikipiki iliyofungwa kigari cha ubavuni hailali katika kona, na kwa hiyo tairi bapa huifaa kuliko lile la mviringo. Vivyo hivyo zile pikipiki za magurudumu matatu za kubeba mizigo ambazo tunaziona kila asubuhi zikipeleka saruji na viazi: matairi yake ni mapana na bapa, na ndivyo inavyotakiwa, maana hazina mahali pa kulala. Mipaka ya jambo hili iko wazi. Kinacholala chataka mviringo, kinachosimama chataka bapa.

Kwa nini basi watu wameendelea kubishana kwa miaka yote hiyo? Kwa sababu ushahidi unaotolewa ni ushahidi wa mdomo. Kila mmoja husimama na kusema kwamba amekwenda umbali wa kuizunguka dunia mara mbili na hajaanguka. Hatuna haja ya kumwita mwongo. Lakini anayetoa ushuhuda huo ni yule aliyefika. Aliyetoka nje ya kona na kukutana na mti hakurudi kijiweni kusimulia alikuwa amefunga tairi gani, na polisi aliyeandika taarifa yake yamkini aliandika mwendo kasi. Wazee wetu walikwisha tuasa kwamba bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

Twataka kuwalaumu na wale wa upande wa pili. Kampuni zinazotengeneza matairi ya pikipiki zina maabara, zina viwanja vya majaribio, zina waendeshaji wa kulipwa mshahara kwa kazi hiyo tu. Zingeweza kulifunga tairi la gari katika pikipiki ya safari ndefu, zikapima nguvu inayohitajika kuilaza, zikapima umbali wa kusimama katika barabara yenye maji, zikautangaza ukweli wote, hata ile sehemu isiyozipendeza. Badala yake mwenye pikipiki amepewa mistari michache ya onyo, tena na kampuni ile ile inayofaidika kila anaporudi kununua tairi lake ghali. Onyo la namna hiyo, hata likiwa la kweli, humfikia mtu likiwa limechafuka. Na hakuna aliyemjibu swali lake la kwanza kabisa: kwa nini chombo cha bei kubwa vile kinunuliwe tairi kila mwaka?

Serikali nazo hazikulishika jambo hili kwa mkono mmoja. Katika kanuni za Umoja wa Mataifa za vyombo vya barabarani, matairi ya pikipiki yana kanuni yake, namba 75, na ya magari madogo yana yake, namba 30. Na katika nchi kama Ujerumani pikipiki iliyofungwa tairi lisiloidhinishwa kwa ajili yake huweza kupoteza ruhusa ya kutembea barabarani. Marekani nayo ina viwango mbalimbali kwa matairi ya aina hizo mbili, lakini kanuni za serikali kuu humbana mtengenezaji na muuzaji kuliko mwenye chombo anayekibadilisha kwa mikono yake. Huko mtu akitaka kufanya majaribio juu ya mwili wake mwenyewe, huachiwa nafasi kubwa.

Nasi tungekuwa tayari kumwachia, kama angekuwa peke yake. Mtu mzima aliyesoma onyo, akapima faida na hasara, akaamua, tungemshauri na kumwacha. Lakini pikipiki ya safari ndefu imeundwa kwa viti viwili. Yule mwanamke tuliyemwona katika simu ya kijana hana usukani wa kuusukuma wala breki ya kuikanyaga. Haoni kona mpaka imekwisha fika, kwa kuwa mbele yake kuna mgongo wa mtu. Kama aliambiwa habari ya tairi, pengine aliambiwa kwamba limepunguza gharama. Katika hesabu zote tulizozitaja, za bei, za kilomita na za uzito, yeye ametokea kama mzigo wa kilo kadhaa na basi.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi. Kwanza tuwatoe wasiwasi wenye pikipiki za mkoani: jambo lile haliwezi kufanyika katika pikipiki zetu. Hizi za injini ndogo zinazobeba abiria zina rimu nyembamba za inchi 17 au 18, na tairi la nyuma lenye upana wa kama inchi 3. Hakuna tairi la gari dogo litakalokaa humo, na kijana atakayejaribu ataharibu rimu na siku yake. Lakini tairi bapa lipo hapa kwetu, nalo halikununuliwa dukani. Tunalitengeneza wenyewe, taratibu, kilomita baada ya kilomita.

Pikipiki ya abiria hushinda ikienda na kurudi katika barabara ya lami iliyonyoka, imesimama wima, imebeba mtu mmoja kwa mujibu wa sheria, au wawili na watatu kwa mtindo ule wa mishikaki unaopigiwa kelele bila kukoma. Tairi la nyuma huliwa katikati. Mabega yake, ambayo hayakanyagi chini ila katika kona, hubaki mapya, na kashata zake waziona zimesimama vizuri. Baada ya miezi kadhaa lile lililotoka kiwandani likiwa la mviringo limekuwa bapa kama la gari, na pembeni lina kingo mbili zilizoinuka. Dereva akilaza pikipiki kukwepa mbuzi au shimo, tairi hukataa kwanza, kisha hupita ukingo na kuanguka upande kwa ghafla. Ni tabia ile ile wanayoizungumza watu wa Marekani, tena yetu ni mbaya zaidi, kwa kuwa wao angalau tairi lao lina mpira wa kutosha na mifereji ya kutolea maji, nasi letu katikati limebaki kipara na nyuzi zinakaribia kuchungulia.

Ukimwuliza dereva kwa nini halibadilishi, atakuonyesha mabega. Tairi bado, atasema, tazama kashata hizi. Wala hasemi uongo. Anatazama mahali pasipopasa kutazamwa. Ukimbana zaidi atakwambia habari ya hesabu ya tajiri, na hapo husema kweli tupu. Wengi wa vijana hawa hawamiliki vyombo wanavyoviendesha. Jioni lazima tajiri apelekewe fedha yake, mvua inyeshe isinyeshe, na kinachobaki ndicho cha mafuta, cha chakula na cha fundi. Kijana wa namna hiyo akikata kipande cha tairi kuukuu na kukichomeka ndani ili kuziba mahali palipopasuka, sisi hatuwezi kumhukumu kama tunavyomhukumu mtu aliyepanga safari ya mapumziko na mkewe. Yule wa Marekani alikuwa na uwezo wa kununua tairi sahihi, akachagua jingine. Huyu wetu mara nyingi hakuchagua kitu.

Kwa sababu hiyo maneno yetu ya kwanza ni kwa matajiri wenye pikipiki. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo kiwe katika hali njema, na hali hiyo haimhusu dereva peke yake. Katika mikataba mnayoandikiana na vijana, tairi la nyuma liandikwe kuwa ni gharama ya mwenye mali, kama ilivyo injini. Mnakubali kulipia bima kwa sababu trafiki ataiuliza. Lipieni na tairi, hata kama hakuna anayeliuliza. Na tarehe ya kulibadilisha isiwe ile ambayo nyuzi zimeonekana. Iwe ile ambayo mviringo umepotea.

Maneno ya pili ni kwa askari wa usalama barabarani. Ukaguzi unaofanywa kila mwaka katika Wiki ya Nenda kwa Usalama ni jambo jema, na tungependa usiishie kwenye taa, honi na stika. Akaguaye ainame nyuma ya pikipiki, apitishe kiganja chake juu ya tairi kutoka bega hadi bega. Kazi hiyo haichukui nusu dakika, wala haihitaji mashine kutoka ng'ambo.

Na abiria je? Wako wanaosema kwamba abiria hana elimu ya matairi. Hahitaji elimu. Atafute kitu chochote kilichonyoka, kipande cha mbao, hata rula ya mwanafunzi, akilaze juu ya tairi la nyuma kwa upana wake. Tairi zima litakigusa katikati peke yake na kitachezacheza huku na huku kama mizani. Kikitulia tuli, kimekaa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, basi amwambie dereva kwa heshima kwamba atasubiri pikipiki nyingine.